Nati Iliyokaa Uchochoroni

Sisi watu wa Ngamiani, Tanga mjini, namba hazitupi taabu. Barabara zetu zenyewe ni namba: mtu akikuuliza unakaa wapi unamjibu "ya 13", naye anafika bila kuuliza tena. Ndiyo maana siku nilipoinunua kwa mzee mmoja Land Rover yake ya mwaka 1978, iliyochoka kwa kazi za shamba la mkonge, nikaona kufungua nati ni kazi ya nyumbani. Nina spana ya 10, ya 12, ya 13, ya 14, ya 15, ya 17. Nini tena?

Kumbe nati za gari lile hazijawahi kukaa Ngamiani.

Nilianza na propela ya nyuma, lile bomba refu linalotoa nguvu kwenye gia boksi kuipeleka difu, inayozungusha magurudumu ya nyuma. Nikaweka spana ya 14, ikagoma kuingia. Nikaweka ya 15, ikaingia lakini inapwaya kama kanzu ya kuazima. Nati ile Mwingereza aliipima kwa inchi: tisa ya kumi na sita, yaani milimita 14 na robo na kidogo juu yake. Inakaa uchochoroni, katikati ya barabara ya 14 na ya 15, nyuma ya choo cha watu.

Nikang'ang'ana na ile ya 15. Ikateleza, ngumi yangu ikapiga chesesi, na kila nilipoirudia pembe za nati zikawa zinalika, mpaka zile nne za upande wa difu zikawa duara kama kete za bao. Tukazikata kwa tindo.

Mwenye akili zake hapo angeenda kuazima spana za inchi. Mimi nilikuwa na kopo la nati za Toyota. Na uzuri wa nati ya Toyota ya bolti ya milimita 10 ni kwamba kichwa chake kinachukua spana 14 sawasawa, haicheki wala haichezi. Nikaijaribu kwenye bolti ileile ya zamani. Mzunguko wa kwanza ikaenda kwa vidole, wa pili ikaanza kukaza. Fundi wangu akaongeza spana, akakunja uso, akasema, "Bosi, hii imekamata mpaka kiama." Tukafunga zote nne, tukanywa chai.

Ngoja niwaambie kilichokuwa kimekamata. Bolti ile ina unene wa milimita 9.5, nati ni ya milimita 10. Bolti ina nyuzi 24 katika kila inchi, nati inahesabu milimita 1.25 toka uzi hadi uzi. Haziendi hatua moja hata kidogo. Ule ukazo tulioufurahia ulikuwa ni nyuzi zinapandiana na kung'oana meno. Ilikuwa vita, sisi tukadhani ndoa.

Na kweli Jumamosi yake tulikuwa na ndoa, Pangani, kwa upande wa mke wangu. Mama mkwe akakaa mbele. Nyuma wakakaa mashangazi wawili, fundi (naye kaalikwa, pilau haina ubaguzi), na masufuria mawili makubwa yanayosubiriwa kule na ukoo mzima.

Tumepita Tongoni, kwenye magofu na makaburi ya zamani, tunapanda kijimwinuko, nikasikia chini ya miguu: ngo! ngo! ngo-ngo-ngo! Propela imeachia upande wa difu, inalicharaza gari kwa chini kama mtu anayedai deni. Nikazima injini, nikavuta hendibreki mpaka mwisho.

Gari likaanza kurudi nyuma, pole pole, kwa adabu.

"Mkwe," akasema mama mkwe, "mbona tunarudi Tanga?"

Hendibreki ya Land Rover za zamani haishiki magurudumu. Inashika propela pale inapotokea gia boksi. Na propela yangu kwa wakati ule ilikuwa haina uhusiano wowote na magurudumu ya nyuma. Nikakanyaga breki ya mguu kwa miguu yote miwili, fundi akaruka, akaweka jiwe. Mashangazi walikuwa wameshafika Yasini.

Dawa ilikuwepo: kuitoa propela yote, kubonyeza kirungu cha njano kinachounganisha magurudumu ya mbele, na kwenda kwa hayo. Ila upande wa gia boksi ulikuwa bado na nati zake nne za asili. Za uchochoroni.

Fundi akaingia chini. Kimya kidogo. Halafu sauti ikatoka uvunguni, kubwa, ya mtu anayeungua na grisi:

"Bosi! Nipe malaya!"

Mama mkwe akageuza shingo kunitazama.

"Malaya yuko chini ya kiti cha mama! Mwambie mama anyanyuke nimpate!"

Jamani, ile spana ya kurekebisha mdomo, inayokubali nati ya kila saizi, gereji zote inaitwa spana malaya. Jina lake la heshima sijawahi kulisikia. Nikaanza kumweleza mama mkwe, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozama. "Mama, anaitwa hivyo kwa sababu hachagui..." Nikanyamaza. Akashuka, akakaa kando ya barabara, akajifunika uso kwa kanga.

Malaya akafanya kazi dakika arobaini. Propela tukaizungushia mkeka, tukailaza magotini mwa mashangazi, tukaingia Pangani saa tisa. Nikaha imekwisha, watu wana njaa ya kutukana. Wanawake kuona kitu kirefu kimefungwa mkekani wakajua zawadi, vigelegele vikapaa.

Jioni nikapita nyuma ya jamvi la kina mama. Mmoja alikuwa akimuuliza mama mkwe ilikuwaje mpaka mkafika. Naye, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusamehe, akajibu:

"Ah, msifu malaya wa mkwe wangu. Bila yeye pilau lingelala Tongoni."