Maswali Yabaki, Fimbo Itoke

Mtoto wa dada yangu, aliye kidato cha pili, anakokotoa sehemu vizuri tukiwa mezani nyumbani, lakini wiki iliyopita aliitwa ubaoni, akashindwa hata kuanza, akachapwa. "Mama mdogo," aliniambia, "nikishika chaki tu, kichwa kinakuwa kitupu."

Kilichompata kinajulikana. Mwaka 2001, watafiti wa saikolojia Mark Ashcraft na Elizabeth Kirk walionyesha kwamba hofu ya hesabu hula ile nafasi ndogo ya akili tunayoitumia kushikilia namba tunapokokotoa, hasa pale penye kubeba tarakimu, kama katika kujumlisha. Mtoto anayesikilizia mgongo wake atatafutaje kigawe kidogo cha shirika?

Linaloniuma zaidi ni kwamba kuulizwa mara kwa mara ni miongoni mwa njia bora kabisa za kujifunza. Katika jaribio la Henry Roediger na Jeffrey Karpicke la mwaka 2006, wanafunzi wa chuo waliosoma habari katika vipindi vinne mfululizo walikumbuka asilimia 40 hivi baada ya wiki moja, ilhali waliosoma katika kipindi kimoja, kisha wakajipima mara tatu bila kuitazama, walikumbuka asilimia 61. Hapo hapahitajiki kompyuta wala mfadhili; yanatosha maswali machache mwanzoni mwa kipindi, kipande cha karatasi, na ruhusa ya kukosea. Sisi tumeyafunga maswali hayo kwenye fimbo, na watoto wetu wamejifunza kuogopa kuulizwa.

Zipo pia mbinu zilizotokana na tiba ya kisaikolojia aliyoiasisi daktari Aaron Beck nchini Marekani miaka ya 1960, zinazomfundisha mtu kuikamata fikra kama "mimi hesabu siziwezi", kuihoji kwa ushahidi, kisha kuipima kwa tendo dogo. Walimu wa ushauri nasaha wanaweza kuzitumia wakipewa muda. Lakini mtoto anayewaza kwamba akikosea atachapwa, na kweli akachapwa, hana fikra potofu ya kurekebishwa. Cha kurekebishwa ni darasa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mwalimu mwenye darasa lililofurika amechoka na hana msaidizi. Hata hivyo, utafiti wa Mabula Nkuba na wenzake, uliochapishwa mwaka 2018, ulifanyika katika shule za sekondari za umma hapa hapa Tanzania, na ukatili wa walimu ulipungua baada ya mafunzo mafupi. Wakuu wa shule wanaweza kuanza muhula ujao: maswali mafupi kila kipindi, yasiyo na adhabu, na fimbo itolewe darasani.