Kigali Waligoma, Sisi Tukanywea

Pale soko la mitumba la Karume, Ilala, Dar es Salaam, ukitaka shati zuri uwahi belo linapofunguliwa. Kamba zikikatwa tu, nguo zilizobanwa zinafumuka, na kabla hazijatua kwenye turubai mikono kumi imeshazama humo. Muuzaji kapanda juu ya meza, sauti imemkauka: "Chagua, chagua! Buku tu!" Mara ya mwisho niliondoka na shati la mikono mirefu ambalo bado lilikuwa na kibandiko cha bei kwa dola.

Wanyarwanda mitumba wanaiita caguwa. Ni hilohilo "chagua" letu, limevuka mpaka likabadilishwa tahajia. Na hao wenye caguwa ndio waliochagua jambo ambalo sisi tulilikimbia.

Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iondoke sokoni ifikapo 2019, viwanda vya nguo vya kwetu vipate kupumua. Rwanda haikungoja. Mwaka huohuo ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Piga hesabu ya belo la kilo 45: lililokuwa likilipiwa dola 9 likaanza kudaiwa dola 112 na nusu.

Machi 2017, chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu cha Marekani kikaenda kushtaki kwa serikali yake, kikidai ajira 40,000 za Wamarekani ziko hatarini. Nguo ambazo watu wao wamezitoa sadaka, tukikataa kuzinunua tunawaonea! Lakini kisheria walikuwa na pa kushika. AGOA, sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliyoruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia huko bila ushuru, ilitaka nchi nufaika iendelee kuondoa vikwazo dhidi ya biashara ya Marekani. Ulikuwa upendeleo, na mwenye kuutoa angeweza kuuondoa.

Kenya ilirudi nyuma kwanza. Tanzania na Uganda tukafuata. Rwanda ikabaki peke yake, na tarehe 30 Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye AGOA. Bidhaa zake nyingine hazikuguswa.

Wengi wetu tuliishangilia Kigali kama timu ya taifa. Mimi pia. Nilipokuja kuziangalia tarakimu nikapoa kidogo. Kilichoguswa Rwanda kilikuwa mauzo ya kama dola milioni moja na nusu kwa mwaka. Nguo ambazo Kenya ilikuwa inauza Marekani zilikuwa zinapita dola milioni 300 kwa mwaka, na nyuma yake kulikuwa na maelfu ya mafundi cherehani, wengi wao wanawake, kwenye viwanda vya EPZ, yaani maeneo maalumu ya kuzalisha bidhaa za kuuza nje. Rais wa Nairobi angegoma kwa jeuri ya nani? Rwanda iliweza kusema hapana kwa sababu ilikuwa haijaning'inia sana kwenye kamba ya mtu. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaodhani uhuru wa nchi ni ujasiri wa kiongozi kwenye kipaza sauti. Kwangu mimi ni hesabu: asilimia ngapi ya mkate wako iko mkononi mwa mtu mmoja. Kadiri unavyomuuzia mteja mmoja, ndivyo anavyokupangia hata cha kununua.

Sisi Watanzania tuna aibu yetu ya ziada. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, Dar es Salaam, kilianza kufuma mwaka 1968 kwa msaada wa Wachina, Mwanza kulikuwa na kiwanda cha Mwatex, na pamba tunalima wenyewe. Viwanda vyetu havikuuawa na mitumba peke yake, kwa hiyo tusiibebeshe Washington kila jeneza.

Na Kigali kwenyewe bili haikulipwa na waziri. Ililipwa na muuza caguwa aliyefunga kibanda, na mnunuzi aliyekuta nguo mpya kutoka China zinang'aa lakini bei haishikiki. Bado naona Rwanda ilikuwa na haki ya kupanga ushuru wake. Ila ningependa siku ya kupiga kura ya "tugome" mama anayeuza mitumba pale Karume aulizwe pia. Nilipomwambia habari hii ya AGOA, alikuwa anakung'uta suruali ya mtoto na kuiangalia zipu. "Sasa hilo belo la kesho," aliniuliza, "wamelipandisha au hawajalipandisha?"