Ile video ya Mto Wami, nisikilizeni na mimi

Najua mshaiona. Hadi mjomba wa Songea ambaye hata salamu hatumi, leo kaniletea vicheko. Sasa yule mpiga video, ambaye mpaka juzi alikuwa rafiki yangu, kakata mwanzo wote kaacha pale ninapopiga kelele tu, kwa hiyo tulieni.

Tulikuwa Saadani, sisi wa ofisini tuliochoka na joto la Dar, maana kule asubuhi unaangalia twiga, jioni unaoga Bahari ya Hindi humohumo hifadhini. Mbung'o walitutafuna njiani (ndio, nilivaa bluu, na ndio, mbung'o wanapenda bluu, msinianze). Ikaja zamu ya boti, kule Wami unakokaribia kumwaga baharini, mikoko huku na huku, furukombe analia juu, mimi nimekaa mbele kabisa, viatu nimevua, nawapa watu darasa la viboko nililolisoma usiku kwenye simu.

Nahodha akazima injini. Viboko hao mbele, masikio na macho tu. Kimya. Mwongozaji akashusha sauti, eti kiboko anazama hata dakika tano, hujui ataibukia wapi, lakini angalau akiibuka utamsikia anapumua. Mamba sasa, humsikii.

Humsikii!

Nikameza mate. Na hapohapo wadau, kitu cha baridi, kigumu, kimelowa, kikanigusa kisigino. Kikatulia. Nikasema labda ni mawazo yangu tu. Kikasogea tena, polepole, kinaniminya nyama ya mguu kama mama sokoni anavyobonyeza parachichi.

Nikasikia mtu anapiga yowe "KANISHIKAAA!", nikajiuliza ni nani huyo, kumbe mimi. Kilo zangu 94 zikapaa, zikatua mapajani kwa askari wa hifadhi. Nimemkaba shingo kwa mikono miwili, bunduki imebanwa katikati yetu, kofia yake hiyooo inaelea inaelekea baharini. Nikaanza kusali. Nia ilikuwa Baba Yetu, naapa. Kilichotoka ni "Mungu ibariki Afrika, wabariki viongozi wake." Na sikusema jamani, niliimba. Ubeti mzima, macho nimefumba. Kuna mzee wa Kizungu tulichangia naye boti, masikini ya Mungu, akavua kofia akaiweka kifuani.

Boti inayumba, wenzangu wanalia kaa chini wewe utatuzamisha, mimi nimefika kwenye "hekima, umoja". Askari wa watu, mpole ajabu, akaninong'oneza sikioni, "Kaka, hebu tazama chini."

Nikafungua jicho moja.

Soda ya tangawizi. Imechomoka kwenye deli la barafu, inabingirika kila boti ikiyumba.

Basi, viboko walishazama wote, kofia tukailipia, njia nzima kurudi Dar nimejifanya nimelala, na kundi la ofisi sasa hivi linaitwa Kwaya ya Wami.

Ila hao mnaosambaza kwamba nilimbusu askari, hapana. Mdomo uligonga kifungo cha shati, hadi sasa umevimba. Rudisheni nyuma pale kofia inapodondoka, muangalie taratibu.