Dawa ya Mende, Dawa ya Prosesa

Kompyuta ya steshenari ya shangazi yangu, pale Ngamiani, Tanga, ilikuwa na tabia ya kuzimika mteja anapokaribia kutoa hela. Barua imeshachapwa, mwenyewe ameifuata kwa kidole mstari kwa mstari, anasema "hapo sawa, nitolee kopi tatu," mara kioo cheusi. Shangazi alishikilia kwamba ni jicho la mtu. Mama ntilie wa mlango wa pili akasema ni umeme mdogo. Mimi ukoo mzima unaniita "yule wa kompyuta" kwa sababu niliwahi kurudisha picha za harusi zilizofutika kwenye simu, basi nikatoa tamko kwamba ni joto.

Na kweli lilikuwa joto. Nilipofungua boksi, mavumbi yalikuwa yamegandana kwenye mabawa ya hitisinki, kile kipoza-joto kinachoikalia prosesa, ubongo wa kompyuta, unene wa kidole, na katikati yake amelala mjusi mkavu, kafia kazini. Ile hitisinki ya Intel ya aina hii hushikwa na miguu minne ya plastiki inayopenya kwenye mazabodi, bodi kuu ya ndani. Mguu mmoja ulikuwa umekatika na fundi fulani wa kale akaufunga kwa uzi wa mshipi wa kuvulia. Kwa hiyo upande mmoja hitisinki ilikuwa imeikalia prosesa, upande wa pili inaipungia mkono. Prosesa yenyewe ni Core 2 Duo E8400, gigahezi 3, chipu ya mwaka 2008, wati 65 tu. Si ya kutisha, lakini wati 65 zisizokuwa na pa kutokea, kwa joto la Tanga la Februari, zinatosha kuzima kompyuta yoyote.

"Inapona?" akauliza shangazi.

"Inapona, shangazi. Dawa ya prosesa nimeagiza Kariakoo, inakuja na basi la jioni."

"Haya baba. Usiniachie duka limekaa kama tumbo la kuku aliyepasuliwa, kesho watu wa shule wanakuja."

Mchana ule nikashughulika na programu, boksi likiwa wazi na feni ya mezani inalipulizia ubavuni. Windows 7 iliyokuwemo Microsoft walishaacha kuihudumia tangu Januari 14, 2020, nikaweka Windows 10, ambayo wakati huo bado ilikuwa hai. Nikaongeza ram, kumbukumbu ya kazi, hadi gigabaiti 8, na hapo ikabidi iwe ya biti 64, maana ya biti 32 haioni zaidi ya gigabaiti 4 hata umjazie. Kuwaka ikawaka, ila kwenye orodha ya vifaa zikaota alama za njano. Shangazi akiona njano anadhani wino umekwisha. Kadi ya mtandao haikutambulika. Draiva yake, programu ndogo ya kuifanya Windows ikijue kifaa, iko mtandaoni, na mtandao hauingii bila draiva yake. Nani alibuni utaratibu huu sijui, lakini nahisi ana ndugu katika ofisi zile za kukwambia urudi kesho na barua ya yule uliyetumwa kwake na wao.

Ukikwama hapo, usishushe zile programu zinazokuahidi kukutafutia draiva zote bure, zinakuja na wageni wake. Fungua sifa za kifaa, soma namba ya kitambulisho. Ikiwa na VEN_8086 ni cha Intel, VEN_10EC ni cha Realtek. Tafuta kwa simu, shusha, hamisha kwa waya. Yangu ilikuwa Realtek, ikakubali. Mtandao ukaingia, kila tovuti ikanigomea kwamba si salama. Kumbe betri ya saa, ile CR2032 ya mviringo, imekufa, na kompyuta inaamini leo ni Januari mosi, 2009. Ukienda na tarehe hiyo, vyeti vya usalama vya tovuti zote vinaonekana havijazaliwa. Betri mpya, saa sawa, tovuti zikafunguka. Draiva ya printa ya zamani ilikuwa ya biti 32, nikaitafuta ya biti 64, na sitaki kuizungumzia.

Jioni binamu yangu, anayemsaidia shangazi dukani, akarudi kutoka stendi na mzigo: kibomba kidogo cha sindano, hakina boksi, lebo imechubuka. Akakiweka kwenye rafu ya gundi. Muda huohuo akapita machinga na kipaza sauti chake, ile sauti iliyorekodiwa inayojirudia mpaka unaiota usiku: "Dawa ya panya, mende, kunguni, papasi, dawa ya panya, mende..." Shangazi akanunua dawa ya mende. Na dawa ya mende ya siku hizi, msomaji mwenzangu, si unga tena. Ni jeli, nayo inauzwa kwenye kibomba cha sindano. Shangazi ni mtu wa mpangilio. Akaona kwenye rafu kuna sindano, naye ana sindano, akaziweka pamoja.

Magharibi umeme ukakatika. Nilitaka kungoja, ila hitisinki nilishaifuta kwa spiriti, mguu mpya nimeshaupachika, na watu wa shule asubuhi. Binamu akawasha tochi ya simu. Huku nikimsubiri aninyooshee kibomba, nikampa darasa.

"Unaiona hii prosesa? Unadhani ni laini. Kwa jicho ndiyo, lakini ina mashimo madogomadogo, na hitisinki nayo hivyohivyo. Ukizikutanisha, mashimoni inabaki hewa, na hewa haipitishi joto vizuri. Hii dawa kazi yake ni kujaza hayo mashimo. Na si kupaka kama siagi, tone moja kati, ukubwa wa choroko."

Nikaminya. Tone likatua katikati, zuri, la kitabuni.

"Bro," akasema binamu, "mbona inanukia karanga?"

"Za siku hizi ndivyo zilivyo."

Nikabana miguu kwa mshazari, kwa, kwa, kwa, kwa. Umeme uliporudi nikawasha, nikaingia kwenye baiosi, ule ukurasa wa mipangilio kabla ya Windows, joto nyuzi arobaini na kitu. Shangazi alinisomea dua ndefu, na mimi nikaitikia kila kipande.

Siku za mwanzo mambo yalikuwa mazuri. Jeli ina majimaji, na majimaji hupitisha joto kuliko hewa, kwa hiyo ilifanya kazi mpaka ilipokauka. Kisha feni ikaanza kulia. Kisha duka likaanza kunukia kashata inayoungua, na wapita njia wakawa wanaingia kuulizia bei.

Huku nyuma shangazi naye alikuwa na malalamiko yake. "Yule machinga tapeli. Nimepaka dawa pembe zote za rafu, mende wanaikanyaga kama sakafu, kisha wananichafulia karatasi!" Kweli, karatasi zilikuwa na vidoa vya kijivu, mistari mistari. Shangazi mwenyewe alikuwa navyo kwenye kanga na kwenye kikombe cha chai. Bwana mmoja jirani yetu alikuja kuchukua picha zake za pasipoti, kwenye kila picha ana alama ya kijivu katikati ya paji la uso, sijda kamili. Ni mtu ambaye msikitini tunamwona Idi kwa Idi. Akazitazama kwa muda, akasema zimetoka vizuri, akalipa.

Mwalimu mkuu alipofika na mtihani wa kidato cha pili, nilikuwepo. Alikuja na faili kwenye CD, ndiyo, CD. Binamu akabonyeza kitufe, trei ikatoka polepole, na juu yake, katikati pale pa kuweka diski, amesimama mende mkubwa, masharubu yanacheza. Akamtazama mwalimu. Mwalimu akamtazama. Trei ikajirudisha yenyewe, na mende naye akaingia ndani na msafara wake.

"Hii imeshasoma mtihani," akasema mwalimu mkuu.

Dakika mbili hazikupita, kioo kikawa cheusi. Nikafungua boksi mbele ya umati ambao sijui ulitoka wapi. Mende walikuwa humo wa kila rika, wengi wakiwa chali, na walio hai wamejipanga pembeni mwa hitisinki. Ukiwaza, ni haki yao: mende anapenda joto, na jeli ile imechanganywa na vyakula vitamu ili imvute. Sisi tumempikia na tumempashia. Nilipoing'oa hitisinki, chini yake pana kibandiko cha rangi ya sukari guru, kimebabuka. Nikaomba kile kibomba cha mende. Nikaminya kidoleni: ute mzito wa kijivu, usio na harufu. Nikamwangalia binamu, binamu akaangalia barabarani.

Ilibaki ya kutosha tone moja. Nikasugua prosesa kwa spiriti mpaka maandishi ya Intel yakasomeka, nikapaka, na mtihani ukachapwa kabla ya adhuhuri. Kwenye mbao za rafu ile kijivu ipo hadi leo, maana ukiifuta inahama tu.

Wiki iliyofuata mama ntilie wa mlango wa pili akabisha hodi, kajitanda vizuri, sauti ya chini ya mtu aliyekuja kukopa.

"Shoga, tangu mashine yako ile ikutwe na mende, mbona kwako siwaoni tena? Wamehamia kwangu wote. Hebu niazime hiyo sipiyu usiku mmoja, niiweke jikoni."

Nikafungua mdomo kueleza. Shangazi akanikanyaga mguu chini ya meza.

"Elfu tano," akasema. "Na umeme juu yako."