Gari Langu Kayamba

Watoto wa mtaa wetu, huku Moshono, Arusha, walilibatiza gari langu jina la Kayamba. Hawakuniomba ruhusa, wala sikualikwa kwenye ubatizo. Nilikuwa napita zangu jioni natoka kufundisha, nikasikia nyuma ya ua wa michongoma: "Kayamba hilooo!" Nikajifanya sijasikia. Na kujifanya hujasikia ukiwa ndani ya gari lile ni kazi rahisi, maana kweli hakuna kingine unachosikia.

Gari lenyewe ni saluni ya Kijapani ya mwaka 1999, milango minne, rangi ya fedha iliyochakaa kama sufuria la shule. Tunaingia sita, Jumapili saba. Mwezi wa tatu lilianza kulia mbele, upande wa kushoto. Mwanzo ilikuwa "ko", moja tu, kama mtu anayebisha hodi nyumba anayodaiwa. Baada ya wiki mbili ikawa kocho-kocho. Na barabara ya kuja kwangu ni kokoto na mawe ambayo Mlima Meru uliyamwaga enzi za volkano, na tangu siku hiyo hakuna aliyekuja kuyaokota. Kwa hiyo kuanzia kwa mangi wa duka la kona mpaka getini kwangu, ni kwaya mwanzo mwisho.

Nisiseme uongo, ilikuwa na faida zake. Nikikata tu kona kwa mangi, nyumba nzima imeshajua baba anakuja. Geti nalikuta wazi. Watoto nawakuta wameinamia madaftari. Shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, aliyekuja kutusalimia Pasaka na bado hajamaliza salamu, namkuta nje anafagia. Nilikuwa najigamba ofisini kwa walimu wenzangu: kwangu kuna nidhamu, sihitaji hata fimbo.

Ila shida ya gari linalolia ni kwamba kila mtu anakuwa daktari wake. Dereva wa bodaboda, ambaye pikipiki yake haina taa ya nyuma, aliniambia hiyo ni ekseli. Mlinzi wa shule akasema injini inataka kushuka, niwahi. Mama mmoja niliyempa lifti kwenda soko la Tengeru alishika mlango kwa mikono miwili njia nzima, tulipofika akasema, "Mwanangu, Mungu akubariki, ila kurudi nitapanda Haisi." Siku nyingine trafiki akanisimamisha, akalizunguka gari, akaitazama stika ya Nenda kwa Usalama, akarudi dirishani. "Mwalimu, hili ni gari au ni kwaya?" Nikamwambia ni gari, afande. Akasema haya, endelea na mazoezi.

Nilianza na buti, kama kila mtu asiye na hela. Nikatoa jeki, spana ya matairi, kreti la chupa tupu za soda, sufuria la mtori tuliloazima kwenye msiba mwezi wa pili, na kiatu kimoja cha mtoto ambacho mwenzake tulishamtupa. Nikawasha, nikazunguka mtaa. Kelele ilikuwa nzuri zaidi, kwa sababu sasa buti tupu lilikuwa linatoa mwangwi.

Ningeendelea kuvumilia, lakini Desemba ilikuwa inakuja. Mama watoto ni wa Marangu, na Mchaga mwezi wa kumi na mbili huwezi kumuuliza kama anakwenda nyumbani. Unamuuliza anakwenda na nini. Nikajiona napanda kule kwa baba mkwe, mzee aliyeendesha malori maisha yake yote, ananisikia toka njia panda. Hapana. Nikaenda gereji.

Fundi wa kwanza anafanyia kazi chini ya mjakaranda, maua ya zambarau yanamdondokea kichwani muda wote kama bwana harusi. Akalibonyeza gari pembeni, likashuka, likapanda, likatulia. Akapiga jeki upande wa kushoto, akatikisatikisa kila kinachoshikika, akatoka na jibu moja: "Shokapu zimekufa, mwalimu." Sikujua la kuuliza. Sasa hivi ninajua, na inaniuma: shokapu iliyokufa ukibonyeza gari linaendelea kunesa kama kitanda cha gesti, na mara nyingi unaikuta imevuja oili. La kwangu lilinesa mara moja likatulia, na shokapu zilikuwa kavu. Yaani alizipima, zikafaulu, akazifukuza shule.

Tukanunua mbili za mtumba kutoka Japani, 180,000, na ufundi 40,000. Za Japani! Mtu amezitumia miaka kule, kazitupa, zimekuja kwangu zimestaafu, mimi nikaziajiri upya kwa mkataba. Tukalijaribu gari. Kimya. Fundi akanitazama kama mganga aliyetoa pepo. Nilichosahau ni kwamba mafundi wote wa mji huu hujaribu gari kwenye lami. Nimeaga, nimeshukuru, nimefika kwa mangi wa kona: kocho-kocho-kocho. Mangi akanipungia mkono.

Fundi wa pili alikuwa chalii mmoja mwenye maneno mengi na simu tatu. Huyu alisema yule wa kwanza si fundi, ni mwizi. (Hiyo ndiyo salamu yao. Fundi hafungui boneti kabla hajamtukana aliyemtangulia.) Akasema tatizo ni bushi za mikono ya chini, yaani vile vipira vya kwenye vyuma vinavyoshika magurudumu. Nikamuuliza ana hakika? "Mzee wangu, hii naifanya nimefumba macho." Nadhani kweli aliifanya amefumba macho. Alining'iniza gari juu ya mawe, akatoa bushi za zamani kwa nyundo na matusi, akaweka mpya, akakaza kila kitu magurudumu yakiwa bado hewani, akalishusha. Shilingi 130,000. Kelele ikabaki palepale, ila sasa ilipata mwenzake: mlio mrefu kama mlango wa stoo ya bibi, kila nikipanda na kushuka ukingo wa barabara. Nimelipa hela nikaongezewa kinanda.

Jumla 350,000. Mama watoto hakusema kitu. Alichukua daftari la matumizi, akaandika "kayamba" kwenye mstari wake, akaweka namba, akafunga. Bora angenigombeza.

Mwenzangu wa fizikia ndiye aliyenipeleka mtaa wa Unga Limited kwa fundi mzee mmoja ambaye ovaroli yake ingeweza kusimama yenyewe kwa oili. Nikafika na jibu langu kabisa: mzee, nadhani ni ekseli. Hakugusa gari. Alivuta kigoda, akaanza kuniuliza maswali kama daktari wa zamani.

"Inalia kwenye tuta?"

Nikafikiria. Matuta ya barabara kuu, nayapanda taratibu, magurudumu yote mawili pamoja. "Hapana, mzee."

"Kwenye kokoto?"

"Hapo ndipo nyumbani kwake."

"Ukiwa umesimama ukazungusha usukani, inagonga juu huku kwenye maunti ya shokapu?"

"Hapana."

"Ukikata kona ukikanyaga mafuta, inatoa ka-ka-ka?"

"Hapana."

"Ukikanyaga breki kidogo wakati inalia, inanyamaza?"

"Hainyamazi."

"Basi breki pedi zako hazina kosa. Na ekseli nayo muache." Miezi minane nimelizunguka hilo gari, na watu wanne wameliwekea mikono, hakuna aliyeniuliza hata swali moja kati ya hayo. Mimi mwenyewe mwalimu, kazi yangu ni maswali, sikujiuliza.

Akaliingiza gari juu ya shimo, magurudumu yote yamekanyaga chini, akaingia huko chini na vidole viwili. Akamwambia kijana wake alitikise gari huku na huku. Kisha akaniita nishuke. Nikashuka na shati la kazi. "Shika hapa." Nikashika kijichuma kifupi, si kirefu kuzidi mkono wa mtoto, chenye kifundo kila mwisho. Kijana akatikisa. Nikaisikia kwenye vidole kabla ya masikioni: kocho. Jamani. Nilikuwa nimemshika mwizi wangu mkono.

Inaitwa stabilaiza linki. Mzee alinieleza akitumia kijiti na vumbi. Kuna chuma kirefu kimelala mbele kinaunganisha gurudumu la kushoto na la kulia, ili gari lisilale upande ukikata kona. Hizo linki mbili ndizo zinazokishikilia huku na huku. Ukipanda tuta, magurudumu yanapanda pamoja, chuma kinapanda nayo, hakina ugomvi na mtu. Kwenye kokoto gurudumu hili linapanda, lile linashuka, kama mke na mume tarehe 28, na linki inavutwa na kusukumwa. Kifundo chake kikishalika, ndiyo kayamba.

"Mbona yule wa kwanza aliitikisa akasema nzima?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Si alipiga jeki upande mmoja? Ukinyanyua upande mmoja, gurudumu linaning'inia, chuma kinajipinda, linki inakazwa kama kamba ya mbuzi aliyefika mwisho wa malisho. Utaitikisa mpaka kesho, haichezi."

Kuitoa ndiyo ilikuwa sinema. Nati ilishikwa na kutu, na kila ukiizungusha, bolti yake inazunguka nayo, mtu na kivuli chake. Wakapuliza mafuta ya kutu, tukanywa chai. Wakarudi, inazunguka. Mwisho kijana akaleta grainda, cheche zikaruka, nikasogea mbali na tangi la mafuta kwa hatua ambazo sikujua kama bado ninazo. Linki mpya, kushoto na kulia, 25,000 kila moja. Ufundi 15,000. Na ule mlio wa mlango wa stoo? Mzee alilegeza bolti za bushi, akakaza upya gari likiwa limesimama kwa miguu yake. Yule chalii alikaza likiwa hewani, kwa hiyo siku zote mpira wa bushi ulikuwa umesokotwa kama shingo ya mtu aliyelalia vibaya. Ungechanika kabla ya mwaka. Hiyo hakunitoza. Nilimnunulia soda.

Elfu sitini na tano. Naomba msinikumbushe ile laki tatu na nusu.

Nikarudi nyumbani jioni. Nikakata kona kwa mangi, kimya. Mangi akatoka nje kutazama. Kwenye kokoto nikaanza kusikia vitu vipya: ndege, redio ya jirani, tumbo langu. Nikafika getini. Limefungwa. Kupiga honi siwezi, honi imekufa tangu 2021, sikuwahi kuona sababu ya kuitengeneza. Nikashuka, nikapita mlango mdogo.

Ndani runinga inapiga kelele mpaka madirisha yanatetemeka. Madaftari hayapo, nadhani hayajawahi kuwapo. Dada wa kazi kalala kwenye mkeka. Na kwenye kiti changu, amevaa ndala zangu, ameshika kikombe changu, miguu juu ya meza, shemeji. Walinitazama kama wameona mzuka.

"Shikamoo, shemeji," akasema bila kushusha miguu, kwa mshtuko nadhani. "Umekuja na bodaboda?"

Kesho yake saa mbili asubuhi jirani akanipigia simu, sauti ya mtu aliyekasirika kwa adabu. Anauliza kama naumwa. Namwambia nipo darasani, mzima. Kumbe miezi yote hiyo yeye hakuwa na kengele. Kayamba likitoka saa kumi na mbili kasoro robo, ndipo naye anaamka. Siku hiyo gari la kazini kwao limemwacha.

Watoto sasa wameanza kumweka mdogo wao zamu pale kwa mangi, ila ana miaka mitano, ukimpa peremende anasahau kazi.

Na jana jioni natoka nje kuchukua begi langu, nikaona miguu imetokeza chini ya gari, mbele, upande wa kushoto. Ndala zangu. Nikainama. Shemeji amelala chali, tochi ya simu mdomoni, spana namba 14 mkononi.

"Unafanya nini huko?"

Akatoa simu mdomoni taratibu. "Naangalia tu kama wamekaza vizuri, shemeji."