Uhuru na hekta 250

Kila tarehe 9 Desemba inapokaribia, swali ni lilelile: tangu 1961 tumefika wapi? Na majibu ni yaleyale, yaani kilomita za lami, shule, zahanati, vijiji vilivyounganishwa na umeme. Hakuna anayeyabeza. Lakini hayo ni maendeleo, na maendeleo hata mtawala wa kigeni huweza kuyaleta yakimfaa. Reli ya Kati ilijengwa na Mjerumani na hakuna aliyemwita mkombozi. Ukitaka kujua kama nchi iko huru, tazama jambo moja: ardhi ya mkulima ikitakiwa na mwenye nguvu, ni nani mwenye mamlaka ya kusema hapana, na hapana yake inasimama?

Kwa mkoloni jibu lilikuwa wazi. Sheria ya Ardhi ya 1923 iliitangaza ardhi yote ya Tanganyika, inayokaliwa na isiyokaliwa, kuwa ardhi ya umma chini ya Gavana. Marekebisho ya 1928 yalizitambua haki za kimila, lakini haki hizo zilikuwa kama za mpangaji asiye na mkataba: unakaa mpaka utakapoambiwa uondoke. Wameru wa Arusha waliambiwa hivyo Novemba 1951. Karibu watu 3,000 waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki ili walowezi wapate mashamba ya mifugo. Mwaka uliofuata msemaji wao, Kirilo Japhet, alifika New York kuueleza Umoja wa Mataifa yaliyotokea. Alisikilizwa. Lakini kusikilizwa hakukuirudisha ardhi, maana mwenye kalamu alikuwa bado Gavana, na kwa sheria ile kalamu yake ilitosha.

Uhuru ulipokuja, mfumo ule haukuvunjwa. Mamlaka ya Gavana yalihamia kwa Rais, na sheria ya 1923 ikaendelea kutumika hadi sheria mpya za 1999 zilipoanza kazi mwaka 2001 na kuifuta. Zaidi ya miaka 39! Tuwe wakweli hapa: waasisi hawakuwa wajinga. Mwaka 1963 walifuta umiliki wa moja kwa moja wa ardhi, ule ambao mtu angeweza kumuuzia yeyote milele, wakaugeuza kuwa upangaji wa muda kutoka serikalini. Waliogopa ardhi ingenunuliwa yote na wachache wenye fedha, na hofu hiyo ilikuwa ya haki. Ila dawa waliyoichagua ilikuwa kuliacha rungu palepale na kumwamini mshikaji mpya. Mshikaji akiwa mwema, mambo yanakwenda. Sheria lakini haitungwi kwa ajili ya mtu mwema.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, ndiyo hatua kubwa kuliko zote kwenye jambo hili, kuliko hata gwaride lolote. Inaikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, lakini haiiruhusu kugawa bila idhini ya mkutano mkuu, yaani wanakijiji wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Inaunda baraza la ardhi la watu saba, watatu wao wanawake. Inatoa hatimiliki ya kimila inayosainiwa na mwenyekiti, mtendaji wa kijiji na mmiliki mwenyewe, kisha ofisa ardhi wa wilaya anaisaini, anaigonga mhuri na kuisajili. Na inataka fidia ikubaliwe kabla ardhi haijahamishwa: aina yake, kiasi, namna ya kulipwa na lini.

Sasa njoo kwenye kifungu cha nne cha sheria hiyohiyo. Rais anaweza kuihamisha ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla, yaani ile isiyo ya kijiji wala ya hifadhi, kwa manufaa ya umma, na uwekezaji wenye maslahi kwa taifa unahesabiwa humo. Eneo likiwa dogo, chini ya hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, anayeamua ni Waziri, baada ya kuzingatia mapendekezo ya kijiji. Hekta 250 ni takriban ekari 618. Kwa maneno mengine, mwekezaji akitaka ekari 500 anakabiliana na kijiji kizima kikiwa na kura. Akitaka ekari 5,000, ambazo huenda ndizo malisho yote na chanzo cha maji, kijiji kinabaki na ushauri tu. Madhara yanapokuwa makubwa zaidi ndipo sauti ya wanaoathirika inapokuwa ndogo zaidi. Hilo ni Gavana yuleyule, safari hii kavaa suti ya nyumbani.

Kuna tundu jingine, na hili wengi hulipita bila kuliona. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya 1999, pacha wa ile ya vijiji, ilipopitishwa ilieleza kwamba ardhi ya jumla ni pamoja na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria Namba 5 haina maneno hayo. Nani anaamua kwamba haitumiki? Mfugaji anayeacha malisho yapumzike mpaka kiangazi, au mkulima anayelilaza shamba misimu miwili lirudishe rutuba, kwa macho ya mgeni aliyepita na gari mwezi wa nne ni mtu mwenye pori tupu.

Kijiji kinachotaka hapana yake isimame hujikinga kwa makaratasi, na mpangilio wake ni muhimu. Kwanza mipaka na majirani ipimwe na kukubaliwa, kijiji kipate cheti cha ardhi ya kijiji. Bila cheti hicho hata hatimiliki za kimila hazitoki. Kisha mpango wa matumizi ya ardhi: wapi kilimo, wapi malisho, wapi msitu, wapi akiba ya watoto. Upitishwe na mkutano mkuu na uwekewe sheria ndogo, maana eneo lililoandikwa "malisho" haliitwi pori kirahisi. Ndipo hatimiliki za mtu mmoja mmoja, na hapo jina la mke lisisahaulike. Vyote vihifadhiwe kwenye masijala ya kijiji, chumba chenye mlango unaofungwa na kabati, si kwenye begi la mtendaji anayeweza kuhamishwa kesho.

Mambo huharibikia kwenye muhtasari wa mkutano. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe wasiozidi 25, inakaa na mgeni, posho inatembea, na orodha ya mahudhurio iliyosainiwa kwa ajili ya chandarua au mbolea inabandikwa nyuma ya karatasi inayosema wanakijiji wameridhia. Huo si mkutano mkuu, na uamuzi wake unaweza kupingwa, lakini anayepinga anahitaji nakala, nauli na muda. Ndiyo maana muhtasari usomwe kwa sauti kabla mkutano haujavunjika, ukubwa wa eneo utajwe kwa ekari na si kwa "kuanzia mwembe ule mpaka korongo", na nakala ibandikwe ofisini siku hiyohiyo.

Bungeni kazi iliyobaki haihitaji tume nyingine. Tume ya Profesa Issa Shivji kuhusu masuala ya ardhi ilishazunguka nchi kuanzia 1991 na kupendekeza ardhi itolewe kwenye mikono ya serikali kuu. Kwa kuanzia, kikomo cha hekta 250 kigeuzwe: eneo kubwa nalo lipite kwenye mkutano mkuu, tena kwa kura za theluthi mbili, na Waziri abaki na uwezo wa kukataa tu, si wa kukubali kwa niaba ya watu waliokwisha kukataa.