Kode yangu, kanisa nzima iliisoma

Ile odio munayopelekeana, inayosema nililia mbele ya kanisa, mwenye kupiga gita bezi njo aliituma, na ametia chumvi mingi. Mi sikulia. Niliinama tu chini ya meza kutafuta waya.

Munajua mi njo natupaka nyimbo ku projektere kanisani, hapa Katuba. Mashini yetu ni ile ya kizee, kasha na klavie (kibao cha kuandikia) basi, ekra yake ni ukuta. Ilikuwa na Windows 10, na tangu tarehe 14 Oktoba 2025 musaada wa hiyo ulifika mwisho, na Windows 11 haikubali mashini za umri ule. Kijana mmoja wa kwaya akasema tuweke Ubuntu, programu ya kuendesha mashini pa nafasi ya Windows, ni ya bure. Nikaitika kwa kichwa sawa mutu mwenye kuelewa. Mi nauza mafuta ya mawese soko ya Kenya (Kenya ya hapa Lubumbashi, musianze), ordinatere na mi ni wapi na wapi?

Akaiweka, kode ya kuingilia akatia "yesu", akasema utabadilisha wewe. Siku ya Mungu asubuhi, batu habajafika, nikaanza. Natia jina ya mutoto, inasema ni zaifu. Naongeza kidogo, zaifu tena. Inataka kitu kirefu. Nikafikiri, humu kanisani ni kitu gani kirefu? Nikaandika mahubirimarefusana. Ikakubali bila maneno, nikacheka peke yangu.

Sasa pasta yuko katikati ya neno, umeme ukaenda. Grupu (jenereta) ikawashwa, mashini ikaanza upya, na pasta akasema wakati tunangojea tuimbe kidogo. Natia kode, inakataa. Natia tena, inakataa. Batu mia na kitu banaangalia ukuta, na ukutani kuko kale kasanduku na vidonge vyeusi. Kijana wa kwaya ananinong'oneza: finya kale kajicho pembeni, tuone unaandika nini. Nikafinya. Ukuta wote: ;qhubiri;qrefusqnq

Mama mmoja akauliza kama ni lugha mupya. Kijana akasema, aa, klavie yetu ni ya Kifaransa lakini hapa pa kuingilia inajizania ya Kingereza, A utaipata kwa Q, na M iko pa virgule (mukato). Futa, andika polepole.

Polepole, bandugu. Kidole kimoja. Jicho iko wazi, na mi akili yote iko kwa klavie, sikumbuke tena ukuta. M. A. H. Nasikia bamama mbele banasoma pamoja na mi. U. B. I. R. I. "Mahubiri! Amina!" Kanisa nzima: Amina! Hata pasta akasema amina, akavaa lineti (miwani) yake, akageukia ukuta, alizani ninamuandalia kichwa cha neno. Natafuta virgule. M. A. Amina zimeanza kupungua. R. E. Hapo njo nilikumbuka, lakini kidole kilikuwa kimesha kuzoea njia, F, U, na grupu yenyewe sijui ilikuwa na nini, ilinyamaza sauti kabisa. Mungeachia hapo? Mi nilimalizia SANA, ju bila ile sana haifunguke! Mutoto mmoja wa shule ya msingi akasimama ku benchi, akasoma yote kwa nguvu, vizuri kabisa, sawa mbele ya mwalimu. Bezi akapiga nota moja. Dum.

Ikafunguka. Tuliimba. Pasta alifunga mbio siku ile, bamoja banisalimia ku mulango sawa nimeleta uamsho, wazee baniita, sasa niko protokole, naonyesha batu viti.

Kode mupya aliiweka mama pasta mwenyewe. Anasema ni ndefu, na iko na jina yangu ndani.